Nauli Yako na Kipato cha Dereva: Jinsi Malipo ya Mfanyakazi Yanavyoamua Huduma Unayoipata

Mlaji anapotaka kununua bidhaa au huduma, kwa kawaida huuliza maswali mawili: bei yake ni kiasi gani, na ubora wake ukoje. Lipo swali la tatu ambalo huulizwa mara chache, ingawa jibu lake hugusa bei na ubora kwa pamoja: mtu anayenihudumia analipwa kwa utaratibu gani? Sura hii inaeleza kwa nini swali hilo linamhusu mlaji, na si mwajiri na mfanyakazi peke yao.

Tumechagua mfano wa daladala za Dar es Salaam. Huduma hiyo hutumiwa kila siku na watu wa kipato cha kawaida, na kasoro zake zinajulikana na kila abiria: mwendo wa kasi, kujaza kupita kiasi, kukatisha ruti kabla ya kufika mwisho wa safari, na wanafunzi kuachwa kituoni. Abiria wengi huamini kwamba kasoro hizo hutokana na tabia mbaya za madereva na makondakta. Tabia ina sehemu yake. Hata hivyo, ukiuchunguza utaratibu wa malipo yao, utaona kwamba hata mtu mwadilifu akiwekwa katika kiti kile atasukumwa kuelekea makosa yale yale.

Ushindani una faida gani kwa mlaji?

Soko lina ushindani pale ambapo wauzaji wengi wanawania wateja wale wale, na mteja ana uhuru wa kumwacha mmoja na kumwendea mwingine. Katika soko la namna hiyo, muuzaji anayepandisha bei bila sababu au anayetoa huduma duni hupoteza wateja. Ndiyo maana Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, inalenga mambo mawili kwa pamoja: kulinda ushindani na kumlinda mlaji.

Lakini ushindani una sura nyingi. Kampuni zinaweza kushindana kwa kushusha bei, kwa kuboresha ubora, kwa kufika mapema, kwa kutangaza zaidi, au kwa kupunguza gharama. Gharama moja ambayo ni rahisi kupunguzwa ni malipo ya wafanyakazi. Kampuni inaweza pia kumtwisha mfanyakazi hasara za biashara ambazo kwa haki zilipaswa kubebwa na mwenye mtaji. Hapo ushindani unaweza kumletea mlaji bei nafuu mkono wa kulia na kumnyang'anya usalama wake mkono wa kushoto.

Kutoka UDA hadi daladala

Kwa miaka kadhaa wakazi wa Dar es Salaam walitegemea mtoa huduma mmoja. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, maarufu kama UDA, lilianzishwa mwaka 1974 likiwa shirika la umma. Kadiri jiji lilivyokua, mabasi hayakutosha. Uhaba wa fedha za kigeni ulifanya vipuri na mabasi mapya kuwa adimu, na abiria walisubiri kwa saa nyingi. Magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria kinyume cha sheria. Jina daladala linaelezwa kuwa lilitokana na nauli ya siku hizo: sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, na makondakta waliinadi nauli hiyo kwa sauti. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu magari binafsi kutoa huduma hiyo.

Ruhusa hiyo iliingiza ushindani, na faida yake ilikuwa dhahiri. Magari yaliongezeka, ruti zikafika mitaa ambayo zamani haikuwa na usafiri, na abiria aliyeachwa na basi moja aliweza kupata jingine. Hakuna anayetamani kurudi katika siku za kusubiri basi tangu alfajiri.

Hata hivyo, ushindani wa daladala una jambo la pekee. Nauli haiamuliwi na mwenye gari, bali hupangwa na mamlaka ya Serikali, ambayo kwa sasa ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA. Ruti nayo hupangwa kwenye leseni. Gari mbili zilizosimama kituo kimoja, zenye ruti moja, zinatoza nauli moja. Haziwezi kushindana kwa bei. Je, zitashindana kwa nini? Zitashindana kwa kuwahi kituoni, kwa kupakia watu wengi zaidi, na kwa kufanya safari nyingi zaidi kwa siku. Ushindani uliozuiwa mlango mmoja huingia kwa mlango mwingine, na utaratibu wa kumlipa mfanyakazi ndio unaoamua ni mlango upi.

Utaratibu wa hesabu

Katika daladala nyingi dereva na kondakta hawalipwi mshahara. Mmiliki, ambaye wao humwita tajiri au bosi, huwakabidhi gari asubuhi na kuwapangia kiasi maalumu wanachopaswa kumkabidhi jioni. Kiasi hicho huitwa hesabu. Kutokana na nauli za siku, dereva na kondakta hununua mafuta, hulipa ushuru wa stendi, huwapa chochote wapiga debe, na kuweka pembeni hesabu ya tajiri. Kinachobaki ndicho kipato chao. Kisipobaki kitu, wamefanya kazi bure siku hiyo. Hesabu ikipungua, huenda wakadaiwa pengo hilo au wakanyang'anywa gari.

Kwa namna hii dereva huonekana kama mfanyabiashara anayekodi gari kwa siku. Lakini hana uhuru wa mfanyabiashara: hapangi nauli, hachagui ruti, hamiliki gari, na anaweza kuondolewa kwa simu moja. Tena wapo madereva wengi wasio na gari wanaokaa vituoni wakisubiri kumshika mkono mwenzao aliyechoka. Hao huitwa deiwaka. Wingi wao humfanya dereva mwenye gari asithubutu kulalamikia hesabu kubwa, kwa kuwa anajua kiti chake hakitakaa wazi hata nusu saa.

Mfano wa siku moja

Tuchukue mfano wa kufikirika wenye tarakimu nyepesi. Tuseme nauli ya mtu mzima ni shilingi 600, hesabu ya tajiri ni shilingi 80,000, mafuta ya siku ni shilingi 85,000, na gharama ndogo ndogo ni shilingi 9,000. Jumla ya fedha zinazopaswa kupatikana kabla dereva na kondakta hawajapata hata senti ni shilingi 174,000. Ukigawa kwa nauli, hao ni abiria 290. Kuanzia abiria wa kwanza alfajiri hadi wa 290, watu hawa wawili wanafanya kazi kwa ajili ya tajiri na kituo cha mafuta. Abiria wa 291 ndiye wa kwanza kuwalipa wao.

Sasa tuseme siku hiyo wamefanya safari 12, kila moja ikiwa na abiria 30. Wamebeba abiria 360 na kukusanya shilingi 216,000. Baada ya kutoa shilingi 174,000, wanabaki na shilingi 42,000 za kugawana.

Siku inayofuata mvua inanyesha, foleni inakuwa kubwa, na wanamaliza safari 10 tu. Abiria ni 300 na makusanyo ni shilingi 180,000. Mafuta hayakupungua, kwa kuwa injini huunguza mafuta hata gari likisimama kwenye foleni. Wanabaki na shilingi 6,000. Tazama tofauti hiyo kwa makini. Makusanyo ya gari yamepungua kwa sehemu moja ya sita tu, lakini kipato cha wafanyakazi kimeanguka hadi sehemu moja ya saba ya kile cha jana. Hesabu ya tajiri imebaki vile vile, shilingi 80,000.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa kasoro tunazozilalamikia. Dereva aliyepoteza safari mbili kwa sababu ya foleni hujaribu kuzirudisha kwa kupita pembeni ya barabara, kwa kukimbiza gari, au kwa kugeuzia njiani anapoona upande wa pili una abiria wengi. Hujaribu pia kurefusha siku, akaendesha tangu saa kumi alfajiri hadi saa nne usiku. Uchovu wake hauonekani kwenye tiketi, lakini abiria amepanda nao.

Kwa nini mwanafunzi anaachwa kituoni?

Suala la wanafunzi linaeleweka vizuri zaidi likitazamwa kwa tarakimu zile zile. Nauli ya mwanafunzi imepangwa kuwa ndogo kuliko ya mtu mzima, na hilo ni jambo jema: jamii imeamua kwamba mtoto asikose shule kwa sababu ya nauli. Swali ni hili: nani anayelipa tofauti hiyo?

Tuseme mwanafunzi analipa shilingi 200. Anapokaa katika nafasi ambayo ingechukuliwa na mtu mzima, gari linapoteza shilingi 400. Hesabu ya tajiri haipunguzwi kwa sababu gari limebeba wanafunzi, wala bei ya mafuta haipungui. Basi shilingi 400 zile zinatoka moja kwa moja katika mfuko wa dereva na kondakta. Wakibeba wanafunzi 20 wakati wa asubuhi, saa ambayo kituo kimejaa watu wazima, wanapoteza shilingi 8,000, yaani karibu moja ya tano ya kipato chao katika ile siku njema ya mfano wetu.

Kwa maneno mengine, nafuu ambayo taifa limempa mtoto hugharamiwa na mfanyakazi mwenye kipato kidogo kuliko wote katika biashara ile. Hili halimpi kondakta haki ya kumsukuma mtoto mlangoni. Mwanafunzi ni abiria kamili mbele ya sheria, na kumkatalia ni kosa. Lakini linaeleza kwa nini faini na operesheni za siku chache hazijamaliza tatizo. Askari akiondoka kituoni, hesabu inabaki pale pale.

Kwa nini mmiliki hupendelea hesabu?

Si haki kumhukumu mmiliki bila kumsikiliza. Mmiliki wa daladala mara nyingi ana gari moja au mawili, pengine lililonunuliwa kwa mkopo au kwa kiinua mgongo. Hayupo ndani ya gari. Nauli hukusanywa kwa fedha taslimu, na hana njia ya kujua kama leo wamepanda abiria 360 au 300. Akimlipa dereva mshahara, anahofu mambo mawili: dereva atapunguza juhudi, na sehemu ya makusanyo itapotelea njiani. Hesabu humwondolea hofu zote mbili. Hahitaji kuhesabu abiria wala kusimamia mtu, kwa kuwa kila jioni anapokea kiasi kile kile.

Tatizo, basi, ni ukosefu wa taarifa zaidi kuliko ukosefu wa utu. Hii ni habari njema, kwa sababu taarifa inaweza kupatikana. Pale ambapo nauli inalipwa kwa tiketi ya mashine au kwa kadi, mmiliki anajua alichokusanya, na sababu kubwa ya kung'ang'ania hesabu hupungua nguvu. Abiria anayedai tiketi anasaidia kujenga taarifa hiyo.

Yaliyoonekana kwingineko

Kenya ilijaribu kulitatua jambo hili kwa amri. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 na Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zikaanza kutumika Februari 2004, ziliwataka wenye matatu kufunga mikanda na vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Ziliwataka pia kuwaajiri madereva na makondakta kwa ajira ya kudumu na mshahara wa mwezi. Mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa njano ubavuni mwa gari vilionekana mara moja, kwa sababu askari anaweza kuvikagua barabarani. Mshahara haukaguliki kwa macho, na desturi ya kumpangia dereva kiasi cha kila siku haikutoweka. Kanuni inayogusa malipo huhitaji ukaguzi wa mikataba na hesabu za kampuni, si ukaguzi wa gari pekee.

Santiago, mji mkuu wa Chile, ulitoa funzo la aina nyingine. Kulikuwa na wakati ambapo madereva wengi wa mabasi yake walilipwa kwa kila abiria, na wengine walilipwa mshahara usiobadilika. Watafiti walipolinganisha makundi hayo mawili, waliona kwamba madereva waliolipwa kwa kichwa walisababisha ajali takriban asilimia 67 zaidi kwa kila kilomita. Lakini waliona pia kwamba abiria wa mabasi yenye madereva wa mshahara walisubiri kituoni takriban asilimia 10 zaidi. Dereva anayelipwa kwa abiria ana sababu ya kuacha nafasi kati yake na basi la mbele ili abiria wajikusanye. Dereva wa mshahara hana sababu hiyo. Februari 2007 jiji hilo lilibadili mfumo mzima, na malalamiko ya mwanzo hayakuhusu mbio za mabasi tena, bali kusubiri na kubanana.

Jijini Dar es Salaam, mabasi ya mwendo wa haraka yaliyoanza kazi mwaka 2016 yalitenganisha kazi ya kuendesha na kazi ya kukusanya nauli. Abiria hulipa kituoni kabla ya kupanda, na dereva hana sababu ya kukimbilia kichwa, kama abiria anavyoitwa katika lugha ya stendi. Hata hivyo, abiria wa mabasi hayo wamekuwa wakilalamikia uchache wa mabasi na msongamano vituoni. Mshahara pekee hautoshi. Anayelipwa bila kujali idadi ya abiria anahitaji kusimamiwa kwa ratiba, na kampuni inayomwajiri inahitaji kubanwa ama na mshindani au na mkataba wenye masharti ya ubora.

Ukijumlisha mafunzo hayo, utaona kwamba hakuna utaratibu wa malipo usio na kasoro. Malipo kwa kiasi cha kazi huleta bidii na hatari kwa pamoja. Mshahara huleta utulivu, na usiposimamiwa huleta uzembe. Pale ambapo kosa la mfanyakazi linaweza kumgharimu mlaji maisha, jamii ina sababu nzuri ya kuchagua mshahara wenye usimamizi.

Si daladala peke yake

Mlaji akishazoea kuuliza namna mtu anavyolipwa, ataelewa mengi. Afisa wa mikopo anayepimwa kwa idadi ya mikopo aliyotoa mwezi huu ana sababu ya kukuharakisha utie saini kabla hujasoma riba. Wakala wa bima anayelipwa kamisheni anapouza ana sababu ya kueleza faida kwa kirefu na masharti kwa ufupi. Kijana wa bodaboda aliye kwenye mkataba wa kulipia pikipiki kidogo kidogo kila siku hadi iwe yake ana hesabu kama ya daladala, na mbio zake zina asili ile ile.

Teksi zinazoitwa kwa programu za simu zinaonyesha kwamba jambo hili halihusu biashara ndogo tu. Kampuni zenye programu hizo hushindana kwa nauli nafuu, kisha hukata kamisheni katika kila safari ya dereva. Mwaka 2022 LATRA iliweka ukomo wa kamisheni hiyo kuwa asilimia 15, kufuatia malalamiko ya madereva. Kampuni ya kimataifa ya Uber ikasitisha huduma zake nchini Aprili mwaka huo. Ukomo ulipopandishwa hadi asilimia 25, huduma ilirejea mapema mwaka 2023. Abiria waliofurahia nauli nafuu walijifunza katika miezi hiyo kwamba nafuu yao, kipato cha dereva na faida ya kampuni vinatoka katika chungu kimoja.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Saa za kawaida za kazi hazipaswi kuzidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Hata pakiwa na saa za ziada, mtu hapaswi kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, na saa hizo za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Kima cha chini cha mshahara kwa kila sekta hutangazwa kwa amri ya mishahara. Mfanyakazi mwenye mgogoro na mwajiri wake anaweza kuupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Madereva wenyewe wamelidai jambo hili mara kwa mara. Katika migomo ya madereva ya Aprili na Mei 2015, iliyosimamisha usafiri katika miji mingi ya Tanzania, mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao. Abiria wengi waliokwama vituoni siku hizo waliona usumbufu. Wachache walitambua kwamba dai lile liliwahusu pia.

Kwa upande wa soko, Sheria ya Ushindani inakataza washindani kupatana bei, na inakataza kumpotosha mlaji kwa matangazo au maelezo ya uongo. Kampuni inayotangaza huduma fulani na kutoa nyingine haiwezi kujitetea kwa kusema kwamba kosa ni la mfanyakazi aliyekuwa akitafuta kamisheni.

Mlaji afanye nini?

1. Lipa nauli iliyopangwa na udai tiketi. Tiketi ni ushahidi wako pakitokea ajali au mgogoro, na ni kumbukumbu inayomwezesha mmiliki kujua mapato halisi ya gari lake.

2. Ukikatishiwa safari kabla ya mwisho wa ruti, usishuke kimya. Una haki ya kufikishwa ulikolipia au kurudishiwa fedha. Abiria wakizungumza kwa pamoja na kwa adabu husikilizwa zaidi kuliko mmoja anayefoka.

3. Andika namba ya usajili wa gari, ruti, mahali, tarehe na saa. Peleka taarifa LATRA au Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini. Taja gari, si kondakta tu. Mwenye leseni ndiye mwenye wajibu mbele ya mamlaka. Kondakta anaweza kufukuzwa kesho na kosa likaendelea na mwingine.

4. Mzazi ambaye mtoto wake anakataliwa kupanda aripoti kwa utaratibu huo huo, ikiwezekana kupitia shule. Taarifa za wazazi wengi kuhusu ruti moja huonyesha mamlaka mahali tatizo lilipo.

5. Usimhimize dereva akimbize gari kwa sababu umechelewa. Haraka unayomwomba ndiyo ile ile inayomvuta kila siku, na wewe unaiongezea uzito.

6. Unaponunua mkopo, bima au bidhaa ya bei kubwa, muulize muuzaji waziwazi kama analipwa kamisheni. Swali hilo si tusi. Kisha omba muda wa kusoma masharti nyumbani. Ofa nzuri itakuwepo hata kesho.

7. Unapokuwa na nafasi ya kuchagua, chagua kampuni inayotoa tiketi, inayofuata ratiba, na yenye dereva wa pili katika safari ndefu, hata kama nauli yake imezidi kidogo.

8. Mamlaka inapokusanya maoni ya wadau kabla ya kubadili nauli, hudhuria au tuma maoni yako. Usiulize tu nauli itakuwa kiasi gani. Uliza pia ni kiasi gani katika nauli hiyo kimetengwa kwa ajili ya mshahara wa dereva na kondakta, na mamlaka itahakikishaje kwamba kinawafikia.

Neno la mwisho

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Huduma ya bei nafuu si lazima iwe mbaya. Ushindani wa kweli umewapa walaji wengi nafuu ya halali. Lakini pale ambapo nafuu imepatikana kwa kumwacha mfanyakazi bila mkataba, bila saa za kupumzika na bila uhakika wa kula jioni, sehemu ya gharama haikufutwa. Imehamishwa tu, na hulipwa barabarani na abiria, na kituoni na mtoto wa shule anayeangalia daladala la nne likimpita.

Dereva naye ni mlaji. Akishamaliza kazi hununua unga, hulipa kodi ya nyumba, na mtoto wake husimama katika kituo kile kile akiwa na nauli ya mwanafunzi mkononi. Kumdai mmiliki ampe dereva huyo mkataba na mshahara ni sehemu ya kudai safari salama.